Imondo ya Bradha Anselmi

Harufu ya manyoya ya kuku yakiungua hainipiti hivihivi. Juzi jirani yangu hapa Shirere alikuwa anampitisha kuku juu ya jiko la makaa, kuondoa vile vinyoya vidogo vinavyobaki baada ya kunyonyoa, na moshi ukanifikia mlangoni. Nilisimama na ufagio mkononi nikamkumbuka baba mkubwa, pamoja na ile Jumapili kule kijijini Mayoni ambayo nyumbani kwetu hakuna anayeitaja.

Baba mkubwa alikuwa kifunguamimba wa Kuka, babu yetu, ila watu wote walimwita Bradha Anselmi. Alikuwa wa kwanza kutoka upande wetu kuvaa kanzu ya kahawia ya watawa wanaojifunga kamba kiunoni. Wakataji miwa walikuwa wanaacha kazi na kusogea barabarani kumtazama, maana mavazi yale walikuwa wamezoea kuyaona kwa Wazungu tu. Kazi yake ilikuwa kule Matete, na alizunguka kwa miguu, amevaa akala, zile ndala za tairi, boma hadi boma. Miaka ile ya tisini ukimwi ulikuwa unamaliza watu na hakuna aliyethubutu kuutaja kwa jina. Yeye aliingia kwenye nyumba ambazo jamaa walikuwa wanaacha chakula mlangoni na kukimbia. Aliwaosha wagonjwa, akawachotea maji, na walipokufa akawazika.

Kuka hakutaka kusikia habari hizo. Kwake yeye, mwanamume asiye na mke wala nyumba bomani alikuwa bado mtoto, hata akisali mpaka magoti yachubuke.

Nilikuwa na miaka kama minane Bradha alipokuja Jumapili ile kumwomba Kuka baraka. Alikuwa karibu kuweka nadhiri za daima, zile ambazo mtu akishaziweka harudi nyuma, na alitaka baba yake amwachilie kwa moyo mweupe. Kuka hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia Kukhu, nyanya yetu, achinje jogoo, na sote tukajua jibu litatoka kwenye sahani.

Nyinyi mnaotoka mbali niwaambie: imondo, ambayo wengine huiita firigisi, kwetu haiendi kwa yeyote tu. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa zaidi pale mezani. Nimesikia wanawake walioulizwa maswali mpaka wakalia kwa sababu imondo ilipotelea jikoni. Siku zote Kuka aliila mwenyewe. Kama siku hiyo angempa Bradha, basi, baraka ingekuwa imetoka na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

Kuka aliichukua kwa vidole. Mkono wake ukapita mbele ya Bradha, ukaenda mpaka kwa baba yangu, mdogo wake Bradha, ukaiweka juu ya obusuma, ugali wake.

"Kula wewe," akasema, "wewe mwenye nyumba."

Baba angeweza kuisogeza kwa kaka yake. Kuka angenuna siku mbili tatu, yakaisha. Nilimwona akimtazama Bradha mara moja, kisha akaitia mdomoni na kutafuna polepole, macho chini. Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika la maji ya kunawa, nimevimba kichwa. Bradha alichukua shingo, akaila yote, akasifu mchuzi wa Kukhu, akatuombea, akaondoka kabla jua halijapoa. Kesho yake shuleni nilitangaza kwamba baba yangu amemshinda Bradha.

Nadhiri aliziweka bila sisi. Baba alisema miwa imekomaa na trekta inaweza kuja wakati wowote, kwa hiyo hawezi kutoka. Trekta haikuja wiki ile. Bradha aliendelea kututumia salamu kupitia kwa watu waliokuja sokoni, na Baba alizipokea bila kujibu.

Miaka michache baadaye malaria ilimpanda kichwani akafa. Tulienda Matete kumzika, na Kuka, ingawa miguu ilikuwa imeanza kumkataa, alikuja pia. Jamani, sijawahi kuona watu wakilia vile kwa mtu asiye na mtoto. Mama mmoja, mjane aliyeuguziwa mume na Bradha, alisimama kusema.

"Huyu tulikuwa tunampeanga imondo kila boma," akasema. "Hakuwahi kuila. Alikuwa anatuambianga, 'Kwetu imondo ni ya mdogo wangu, Baba alimpa, na ni haki yake. Mimi nipeni shingo.' Huyo mdogo wake yuko hapa? Asimame tumwone, maana alikuwa anamwombea kila siku."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimshika Baba mkono nikamnong'oneza kwamba ni yeye anayeitwa. Hakutikisika. Nikadhani hajasikia, nikavuta tena kwa nguvu, mpaka watu wakageuka kututazama. Baba alibaki ameketi, anaangalia viatu vyake, na kando yake Kuka amefunika uso kwa kofia.

Ilinichukua miaka mingi, na nyumba yangu mwenyewe, kuelewa kwa nini hakuweza kusimama. Siku hizi nikimpelekea Baba kuku, anaisukuma imondo ukingoni mwa sahani na kuomba shingo. Sijawahi kumuuliza. Ninamwekea shingo, ninakaa kando yake, na mkono wangu bado unakumbuka uzito wa mkono wake nilipokuwa ninauvuta.