CV Niliyoisaini Bila Kuisoma

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo nikisikia honi ya foklifti moyo unanilipuka. Foklifti ni ile mashine yenye meno mawili mbele, ya kunyanyulia mizigo maghalani. Nilikuwa kijana wa Temeke, nina cheti cha kutunza stoo na kazi sina. Mke wangu alikuwa mjamzito, na tulikuwa bado tunaishi chumba cha nyuma kwa baba yangu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake nikiwa nimeinamisha macho kwa aibu.

Nikasikia ghala moja la unga linatafuta mtunza stoo. Siku zile kompyuta zilipatikana steshenari. Unamtajia mchapaji jina lako na shule uliyosoma, naye anafungua CV ya mteja aliyekutangulia, anafuta ya mwenzako, anaweka yako. Ndivyo tulivyofanya wengi, wala hatukuona ajabu. Mchapaji wa mtaani kwetu alikuwa na haraka zake.

"Braza, mie nakuwekea fomati ya kibosi," aliniambia. "Hii imeshaajiri watu, hii."

Nikaliona jina langu pale juu, limekolezwa wino, nikafurahi kama bwana harusi. Nikasaini chini. Zile kurasa sikuzisoma. Unacheka, lakini wewe umeisoma ile uliyoituma juzi kwa simu?

Siku ya usaili nikakaa mbele ya meneja, mzee mmoja mpole. Akaipitia ile karatasi, akatabasamu.

"Naona unapenda kuimba kwaya kanisani. Unaimba sauti gani?"

Kwaya! Mimi, mtoto wa madrasa, baba yangu muadhini! Badala ya kusema ukweli, nikajibu, "Ya kati, mzee." Sauti ya kati, jamani. Hata leo sijui nililitoa wapi jibu lile.

"Vizuri. Na hapa inasema umeendesha foklifti miaka mitatu. Dereva wetu anaumwa. Hebu twende uani ukanioneshe."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema tu, mzee, hayo si yangu, nikaenda zangu nyumbani. Lakini nilimfikiria mke wangu na kile chumba cha nyuma, nikanyanyuka nikamfuata. Nikapanda juu ya mashine, nikavuta kitu nilichodhani ni gia. Ikaruka mbele, ikagonga rundo la mifuko ya unga, mifuko ikaporomoka upande wa pili. Nyuma ya rundo lile palikuwa na mtu anafagia.

Nilisikia ukelele mmoja, kisha kimya. Usiombe kukisikia kimya kile, mwanangu. Vumbi jeupe limetanda, simwoni mtu, nimeshika usukani, na suruali imelowa. Sikufichi.

Akatokeza mama mtu mzima, mweupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, ufagio bado mkononi. Mifuko ilimkosa kwa hatua moja. Hakunitukana. Angenitukana, ningepumua.

"Mwanangu, hii mashine umejifunzia wapi?"

"Sijajifunza, mama. Ni CV ndiyo imesema."

"CV imesema?" Alinikodolea macho kana kwamba nimemwambia mbuzi kaongea. "Sasa mie ningekufa hapa, wanangu wangeambiwa mama yenu kauawa na karatasi?"

Kazi sikupata, hilo halina haja ya kuuliza. Meneja alinirudishia karatasi yangu, nami nikaisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa kando ya barabara na unga kwenye nywele. Kazi za mtu mwingine, wadhamini nisiowajua hata kwa sura. Nikaitafuta sehemu ya cheti changu cha stoo, kitu pekee walichokuwa wanakihitaji pale. Hakikuandikwa popote! Nililia, mtu mzima mimi.

Basi nisikilize. Kuchapa usaidiwe, lakini maneno yawe yako. Soma tangazo la kazi kwanza, ujue wanatafuta nini, na kama unacho kiweke juu wakione mapema. Hujawahi kuajiriwa? Kama ulikaa dukani kwa mjomba wako kule Mbezi Luis ukipokea mzigo na kupanga bidhaa, hiyo ni kazi, iandike ilivyo, usiipambe. Mtu usimweke mdhamini kabla hujamwomba na kumweleza unaomba kazi gani. Kurasa mbili zinakutosha. Ukimaliza, isome kwa sauti mbele ya mtu anayekujua vizuri, na mahali atakapokunja uso, futa. Na wakikuuliza usilolijua, sema hulijui. Aibu yake ni ya dakika moja tu.

Yule mama nilimrudia wiki ileile kumwomba radhi. Alinisamehe, akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua, na dua hiyohiyo nakupa wewe: Mungu akupe riziki kwa yale unayoyaweza kweli, na asikupe hata siku moja kazi itakayowafanya watoto wa mwenzio wamsubiri mama yao jioni asirudi. Amina, mwanangu.