Hodi Kwenye Seva

Seva yetu ilikaa kwenye kabati la makoti, nyumbani kwangu Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, kati ya buti za theluji na mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya mtumba niliyoiwekea programu huria ya kuendeshea mtandao mdogo wa kijamii, ule wa watu kuandikiana vijumbe vifupi. Tulikuwa Wakenya, Warundi na Wakongo wachache, tuliochoka maneno yetu kuuziwa wenye matangazo. Mimi ndiye niliyekuwa bawabu. Aliyetaka kujiunga aliandika sababu kwenye kisanduku, nami nikabonyeza kubali au kataa. Cheo hicho kilinipendeza kuliko nilivyokiri mbele za watu.

Lakini nyumbani bawabu huyo hakuwa na wa kuzungumza naye. Binti yangu alikuwa amenisusa. Mdomo wangu hauna breki: siku moja, mbele ya wageni, nilimwiga anavyotamka "ng'ombe", sebule nzima ikacheka. Tangu hapo hakunitamkia tena neno la Kiswahili. Alinijibu kwa Kiswidi, tena kwa mkato, na Desemba ilipoanza akaniambia, "Jag flyttar," yaani anahama. Mwaka ukiisha angekwenda kuishi na rafiki yake, mtaa wa Akalla. Niliogopa sana kumpoteza, na sikujua namna ya kumwomba abaki bila kutia mzaha.

Alasiri moja, giza limeshatanda nje, simu yangu ikaleta ombi jipya. Jina: Mgeni. Sababu: "Hodi."

Nikaangalia limetoka wapi. Anwani ilikuwa ya ndani, ya waifai yetu wenyewe. Nikatazama mlangoni: viatu vya binti havikuwepo. Nikachungulia chumbani kwake: hamna mtu. Nilikuwa peke yangu, na mashine inavuma kabatini.

Likaja la pili. "Hodi. Mmelala au mmehama?"

Hayo yalikuwa maneno ya marehemu mama yangu. Ndivyo alivyobisha kwa majirani kule Mombasa, na hapa Stockholm hakuwahi kukanyaga. Nikafungua kabati. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa kama kawaida, na koti langu moja lilikuwa limeanguka chini. Mama huyohuyo ndiye aliyenifunza kwamba sauti ambayo humjui mwenyewe, usiiitikie. Nikalifunga kabati na kuliegemea kwa mgongo, kwa hofu, na kwa haya ya kumwogopa mama yangu mwenyewe.

La tatu likaingia. "Hodi, mwenye nyumba. Nifungulie."

Nikabonyeza kataa, yote matatu.

Haukupita muda, ufunguo ukazunguka mlangoni, binti akaingia, macho mekundu. Nikadhani ni baridi. Nilifurahi mno kuona mtu wa nyama na damu, nikamtania kwamba nusura anikute maiti. "Jaha," akasema, yaani haya basi, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Siku ya kuhama nilimbebea sanduku hadi kwenye lifti. Alinikataza kumsindikiza zaidi ya hapo. Tukiwa tunaisubiri, akanyoosha kidole kwenye ngazi, hatua chache kutoka mlangoni kwetu.

"Mimi nilikaa pale," akasema. Kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka barafu. "Pale waifai inafika. Nikaandika hodi ya Bibi, nimeisikia kwa ile sauti yake iko kwa simu yangu. Nikisema, wewe unacheka. Nikiandika, huwezi kucheka."

Nikaliweka sanduku chini.

"Mara tatu, Mama. Na wewe umekataa."

Lifti ikafika, akaingia na sanduku lake, mlango ukajifunga.

"Karibu," nikasema. Kisha nikapaza sauti, huku lifti inashuka: "Karibu! Karibu ndani!"

Jirani wa mlango wa pili akachungulia, akatazama ngazi tupu, akaniuliza kwa Kiswidi ninaongea na nani.