Mwalimu Aliyenifundisha Kuuliza

Nilipoingia kidato cha kwanza Bagamoyo, sikuwa na sauti. Nyumbani Lugoba nilikuwa nikibishana na kaka zangu mpaka majirani wanasikia, lakini siku ya kwanza darasani niliposimama kujitambulisha, wasichana wa mjini walicheka matamshi yangu. Kiswahili changu kilikuwa na Kikwere cha bibi ndani yake. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kujibu kwa kutikisa kichwa.

Aliyenitoa huko ni mwalimu wetu wa Kiswahili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwa umri kuliko mama yangu, mpole wa sauti ila mgumu kuridhika. Yeye ndiye aliyesimamia midahalo ya Ijumaa, na aliniandika kwenye orodha ya wasemaji bila kuniuliza.

Mara ya kwanza nilisimama nikasema wanafunzi wa bweni hufaulu kuliko wanaotoka nyumbani.

"Umejuaje?" akauliza.

"Watu wanasema, madam."

"Watu gani? Uliwauliza wangapi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Nenda kawaulize, Ijumaa ijayo uje utuambie."

Wiki nzima nilizunguka na daftari nikiuliza alama za watu, na wengine walinifukuza. Nilichokikuta hakikuwa nilichokitarajia: wasichana wawili waliotembea kila asubuhi kutoka kwao Dunda walikuwa wametupita karibu sote wa bweni. Ijumaa nilisimama nikasema nilikosea, nikaeleza kwa nini. Hakuna aliyecheka matamshi yangu. Mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniangalia, akatabasamu kidogo. Nilitembea na tabasamu lile mwezi mzima.

Kwa miaka miwili alinifundisha hivyo. Nikisema "inasemekana" ananikatiza. Nikipandisha sauti ananiambia hoja dhaifu ndiyo hupiga kelele. Nilijifunza kumsikiliza mpinzani mpaka amalize, kumkubalia palipo na ukweli, kisha kumjibu. Wale wasichana waliokuwa wakinicheka wakaanza kunitafuta niwasaidie insha zao.

Nikiwa kidato cha tatu, tukaambiwa wageni kutoka wilayani watakuja kukagua shule, nasi tutawaonyesha mdahalo. Mada aliichagua mwalimu mwenyewe: kazi za nje ya darasa humjenga mwanafunzi. Mimi niliwekwa upande wa kupinga.

Wakati huo bomba la nyumba za walimu lilikuwa limeharibika, na sisi wasichana tulikuwa tunatolewa darasani kupeleka maji. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Kila tulipotolewa niliandika siku na somo tulilokosa. Katika wiki sita tulikosa vipindi kumi na saba, sita kati yake vya hisabati. Nikaandika hotuba nzima kwenye daftari nikampelekea.

Aliisoma mbele yangu, akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwenye vile vipindi kumi na saba aliandika pembeni: Hoja nzito. Anza na hii.

"Madam, mkuu wa shule hatakasirika?"

"Umesema uongo?"

"Hapana."

"Basi."

Nikaanza na hiyo. Mgeni mmoja mzee alivua miwani akaniuliza, "Binti, hesabu hizo umezitoa wapi?" Nikamweleza bila kutetemeka, siku kwa siku. Aliandika. Nilikaa chini nikamtafuta mwalimu kwa macho, lakini alikuwa anaangalia dirishani.

Wageni walipoondoka niliitwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa amesimama, mwalimu amekaa pembeni.

"Nani amekutuma kuidhalilisha shule?"

"Hakuna, mkuu. Ilikuwa hoja ya mdahalo. Madam aliisoma."

Mkuu akamgeukia. "Uliisoma?"

Mwalimu akasema, kwa sauti yake ileile ya upole, "Niliyoisoma mimi haikuwa na habari za maji, mkuu. Hayo ameongeza mwenyewe."

Nilimwangalia nikisubiri aendelee, maana nilidhani ameanza vibaya tu na atajisahihisha. Hakuendelea. Mimi niliyekuwa nimejibu maswali ya wilaya nzima nikashindwa kutamka neno.

Nilisimamishwa masomo mpaka mzazi aje. Baba alifika keshokutwa yake, amebadilisha basi Msata, shati lake la ibada limelowa jasho. Nilimpokea nje ya ofisi, nikamwonyesha daftari. Alisoma taratibu, kidole chini ya maneno mekundu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa madam."

Akalifunga. Akalitia kwenye mfuko wake.

"Baba, waonyeshe."

"Nikishamwaibisha mwalimu, wewe utasoma wapi? Ingia, uombe radhi."

Ndani alivua kofia akasema, "Mkuu, mwanangu amekosa. Ni utoto." Alikuwa anajua, na bado alisema. Mimi nikaomba radhi kwa sentensi zilizonyooka, kama nilivyofundishwa. Mwalimu hakunyanyua macho.

Baada ya hapo hatukutolewa tena darasani kubeba maji. Wenzangu walinishukuru kwa kuninong'oneza. Mimi niliondolewa kwenye midahalo, na kabla muhula haujaisha mwalimu akahamishwa. Aliondoka bila kuniaga.

Leo mimi pia ni mwalimu. Mwaka jana nilikutana naye kwenye semina mjini Bagamoyo. Nilimwamkia, "Shikamoo madam," akaitikia kwa furaha, akanishika mkono, akawaambia wenzake, "Huyu nimemfundisha mimi kusema."

Nikasubiri wenzake watoke kwenda kunywa chai. "Madam, kwa nini ulisema habari za maji hukuzisoma?"

Hakujifanya amesahau. "Mwanangu alikuwa Mbeya kwa mama yangu, ulikuwa mwaka wa tatu siishi naye. Barua yangu ya uhamisho wa kwenda huko ilikuwa mezani kwa mkuu, inangoja sahihi." Machozi yakamlengalenga. "Nilijua wewe una baba wa kuja kukuombea."

"Nakushukuru kwa uliyonifundisha," nikamwambia. "Hilo lingine bado sijaweza kukusamehe."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaenda kunywa chai, kila mmoja meza yake.

Baba sijamuuliza hata leo kuhusu daftari lile. Nikienda Lugoba hunikaribisha kwa furaha, ananieleza habari za mahindi na mvua, ananisifu mbele ya wageni kwamba binti yake ana akili. Mimi namsikiliza mpaka amalize. Amezeeka, mikono inamtetemeka akishika kikombe, na kila ninapojiandaa kufungua mdomo, yeye huwa ameshaanza habari nyingine.