Sketi Kumi na Mbili za Buluu

Harufu ya kitambaa kipya, yenye ukali kidogo wa rangi, bado hunisimamisha mlangoni mwa duka lolote. Nilikuwa darasa la sita, na kwaya yetu ya kanisa ilikuwa inaenda Embu mjini kushindana. Tulikuwa wasichana kumi na wawili, na hatukuwahi kuwa na sare. Kila sketi ya marinda ilihitaji mita mbili na robo tatu. Mama Njoki, mwalimu wa kwaya, alinipa mimi hesabu kwa kuwa nilijigamba sana kwa hisabati. Nikazidisha mbili kwa kumi na mbili, nikabandika robo tatu mwishoni, nikatangaza: mita ishirini na nne na robo tatu! Kwa shilingi mia na ishirini kila mita, jumla ikawa elfu mbili mia tisa na sabini. Mama zetu wakauza ndengu na mayai, wakachanga zote, wasibakishe hata ndururu.

Mimi na Mama Njoki tulipofika sokoni Siakago kununua kitambaa, sikuweza kutulia kwa furaha. Mzee Hassani, mwenye duka, hakuwa akikata kitambaa kabla ya kukikunja sketi baada ya sketi mbele ya mteja. Kwenye sketi ya tisa, mita tulizoagiza zikaisha.

"Sasa wale watatu waliobaki wataimba wamevaa nini?" akauliza.

"Wanja, si ulisema umepiga hesabu?" Mama Njoki akanigeukia.

Nilitamani ardhi inimeze. Robo tatu nilikuwa nimeihesabu mara moja tu, kana kwamba ni msichana mmoja tu aliyeihitaji. Nikaomba chaki, nikaandika juu ya kaunta: robo tatu mara kumi na mbili ni tisa, ongeza ishirini na nne, thelathini na tatu. Pesa zilikuwa zimepungua karibu elfu moja.

"Lakini ukipitisha mita thelathini, hiyo ni bei ya jumla," mzee akasema. "Nitakupea kwa tisini."

Chaki ikakimbia. Thelathini na tatu mara tisini: elfu mbili mia tisa na sabini! Zilezile, bila kuzidi shilingi! Nilipiga yowe, nikarukaruka, na Mama Njoki akasahau kunigombeza.

Siku hizi binti yangu hubofya simu akapata jibu hapo hapo, wala harukiruki. Wenzangu wa kwaya hatukuwaambia kitu. Hawajui hadi leo kwamba, kabla mzee hajataja tisini, nilikuwa nimeshaamua ni nani wa kwanza kukosa sketi, na huyo ni mimi.