Jogoo Aliyenunuliwa Mara Tano

Asubuhi ile nilitoka Makambako bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimepakia magunia pale mjini kwa miezi minne, ambayo kwangu ni mingi, na nilipoamka nyayo zilikuwa zinaniwasha. Nikakunja blanketi, nikasimama kando ya barabara ya Njombe. Lori la kwanza kusimama lilikuwa limebeba mbegu za viazi.

"Unaenda wapi?" dereva akauliza.

"Huko unakoenda wewe."

Akacheka, akanionyesha nafasi juu ya magunia.

Niliacha shule darasa la sita, lakini kusoma sikuacha. Nasoma matangazo ukutani, maandishi ya dawa za mifugo, chochote. Karanga nilizonunua kabla ya kupanda zilifungwa kwenye ukurasa uliochanwa kutoka kijitabu, na zilipokwisha nikaukunjua. Ilikuwa sheria ya gharama za uchaguzi. Ilisema mchango wa mtu mmoja ukivuka kiwango kilichowekwa, hauruhusiwi kujificha ndani ya jumla: jina la mtoaji na alichotoa lazima vitajwe. Ukurasa ukaishia katikati ya sentensi. Jambo la namna hiyo huniudhi siku nzima.

Hatujafika Njombe, ukungu ukiwa umeanza kufunguka, niliona watu wamejaa uani kwa mtu, na juu ya vichwa vyao jogoo mwekundu ameinuliwa kwa mikono miwili. Nikagonga paa la kabini.

"Nishushe!"

"Hapa? Unamjua nani?"

"Simjui mtu."

"Basi wewe una wazimu," dereva akasema, lakini alisimama.

"Kamwene," nikasalimu nilipoingia uani. Mama mmoja mtu mzima, sweta zito juu ya kitenge, akaitikia, akasogea kwenye benchi nikae. Yeye ndiye aliyenieleza. Binti wa marehemu kaka yake, fundi wa kushona sare za shule, anagombea udiwani. Leo wanamchangia, na wanachangia kwa namna wanayoijua, yaani kama mnada wa sadaka kanisani. Mtu analeta boga au kuku, kinanadiwa, na aliyenunua, kama ana moyo, analipa kisha anakirudisha mezani kinadiwe tena. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mpaka adhuhuri na asiende kwa mtu.

"Nani atanipa zaidi?" mnadi akapaza sauti. "Huyu si jogoo, huyu ni kengele ya kata!"

"Mimi," akasema mama wa sweta.

"Shangazi tena! Mara ya tano! Wengine mmekuja kuota jua?"

Watu wakaangua kicheko. Mara ya kwanza, nikaambiwa, jogoo alikwenda kwa bei ya mbuzi. Sasa amefika bei ya ndama. Shangazi alikuwa ameuza shamba zima la miti ya mbao. Alilipa, akampapasa jogoo mgongoni, akamrudisha mezani.

Udadisi wangu umenifukuzisha sehemu nyingi. Nilisogea nyuma ya katibu, mwanamume mpole mwenye daftari, nikachungulia. Jogoo alikuwa ameandikwa kwenye mistari mitano, kila mmoja na bei yake.

"Samahani, mzee. Majogoo watano wako wapi?"

"Watano? Ni huyohuyo."

"Na mnunuzi?"

"Huyohuyo."

"Basi huu si mchango mmoja?"

Nikatoa ukurasa wangu wenye mafuta ya karanga. Akausoma mara mbili, akamwita mgombea. Alikuja na futi ya kupimia nguo shingoni, mwanamke wa makamo asiye na haraka, akaleta kijitabu kizima alichopewa alipochukua fomu. Wakajumlisha. Kila safari peke yake jogoo alikuwa chini ya kiwango. Zote pamoja, alikuwa amekiruka.

"Fomu ikienda hivi, ni uongo," mgombea akasema. "Wataniwekea pingamizi, na watakuwa na haki. Shangazi, itabidi utajwe."

Shangazi akatikisa kichwa. Alikuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa, na akina mama wale walikuwa wa vyama vyote. Siku jina lake litakapobandikwa kama mfadhili wa mgombea, nani atamkabidhi tena mfuko?

"Tugawe," katibu akanong'ona. "Safari mbili tuandike kwa jina la jirani. Moja kwa huyu mgeni."

Wote watatu wakanitazama. Jina langu halijawahi kutakiwa na mtu, na nakiri nilivimba kichwa kidogo. Lakini mgombea alikwisha kukataa.

"Shangazi, usinipe kitu nisichoweza kusema umenipa wewe."

Shangazi akasema polepole, akimtazama binti wa kaka yake kama hatuko, "Ulipofaulu kwenda sekondari, nilikuja na debe la mahindi. Debe moja. Ukaenda kushona. Leo ninacho, mwanangu, na serikali inanizuia mkono."

"Lile debe tulilila mwezi mzima," mgombea akasema.

Mama akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaenda mbele ya watu wote.

"Narudishiwa safari mbili za mwisho," akatangaza. "Na jogoo nakwenda naye."

Pale, kurudishiwa ulichotoa mnadani ni aibu ambayo watu huikumbuka hata msibani. Mnadi akamletea jogoo bila utani. Katibu akahesabu fedha za safari zile mbili, zilizotosha kumshusha chini ya kiwango, akampa. Mama akazifunga kwenye pindo la kitenge, akanikabidhi jogoo.

"Wewe uliyeleta maneno, mbebe."

Nilimfuata hadi kwake, ng'ambo ya shamba la viazi. Kule mnadani hatukupewa hata chai, maana kumnywesha mpiga kura ni kosa. Jikoni kwake akanimiminia kikombe kikubwa.

"Wewe hupigi kura hapa. Kunywa. Unalala wapi?"

"Sijui, mama."

Akanionyesha chumba cha kuhifadhia mbegu: magunia, kitanda cha kamba, dirisha dogo ambalo ukungu ulikuwa umeanza kulirudia. Jogoo akafungwa mguu mlangoni. Nilidhani angechinjwa, nikasema hivyo.

"Nani amchinje? Jumapili nampeleka kanisani, na fedha hizi nilizorudishiwa. Huko hakuna kiwango." Akacheka mpaka sweta likatikisika. "Nataka waone anavyonunuliwa."

Nikauliza leo ni siku gani.

"Jumatano."

Siku nne mpaka Jumapili. Nikakunjua blanketi.