Begonia Niliyoiogesha Dawa ya Kupe

Jamani, hili jambo sikupanga kulisema, lakini kwa kuwa nusu ya Karatu wanalo na kila mmoja analitia chumvi yake, bora mlisikie kwangu mwenyewe: mimi, baba wa watoto watatu, mwenye ng'ombe na shamba kule Qurus, niliona wivu kwa sababu ya ua. Ua la kweli, begonia ya maua ya rangi ya waridi, kwenye chungu, dirishani sebuleni kwangu.

Ua lenyewe mke wangu, Mama Ester, aliletewa na jirani yetu Bwana Gwandu, mhasibu wa lodge moja huku juu, mtu aliyefiwa na mke na anayepiga shati pasi mpaka kola inasimama. Mwanzoni sikuona neno. Lakini ua likaingiwa na wadudu, vile vidude vyeupe kama pamba vinavyojificha chini ya majani, na Gwandu akawa anakuja kila Jumamosi kuyafuta majani kwa pamba na spiriti, jani moja baada ya jingine, taratibu kama anamnawisha mtoto mchanga, huku mke wangu amemshikia kisahani na kucheka. Kucheka! Mimi nikisimulia habari za mnadani anasema "mh", Gwandu akisema "usizidishe maji, mizizi itaoza" anacheka (niambieni kinachochekesha hapo ni nini). Nikawa nalala naliona lile ua, naamka naliona.

Basi Ijumaa moja mama mkwe akaumwa kule Baray, Mama Ester akafunga mzigo, na pale mlangoni, badala ya kuniambia habari ya kuku au ya chakula changu, akasema, "Baba Ester, ua usiliguse, nimemwomba Bwana Gwandu apite kulifuta. Jumapili jumuiya inasali kwetu, nataka walikute zuri." Ndani ya nyumba yangu! Niliitikia "sawa", lakini nikaamua Gwandu akifika akute wadudu wameshakufa wote, abaki na pamba yake mkononi.

Stoo nilikuwa na dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Nikampigia rafiki yangu Laizer wa Malambo, anayeniuzia ndama, nikamuuliza kama inaua wadudu wadogo weupe.

"Wako kwa ng'ombe?"

"Wako kwa ua."

"Ua la nini?"

"La sebuleni."

"Rafiki yangu, hiyo ni dawa ya ng'ombe, na hata ng'ombe unamchanganyia na maji mengi. Ua halina ngozi. Acha."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda kuchanganya. Na maji nikaweka kidogo, maana niliwachukia wale wadudu (sawa, sikuwa nawachukia wadudu). Nikanyunyiza juu, nikanyunyiza chini, na iliyobaki nikaimwaga kwenye udongo isipotee bure. Gwandu alipobisha hodi Jumamosi nilimjibu nikiwa nimeziba mlango, "Nimeshalifuta mwenyewe, asante." Akaondoka, nami nikarudi ndani napiga mluzi.

Jumapili asubuhi begonia imelala. Majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa, maua yako chini, na sebule nzima inanuka josho. Hapo mtu mwenye akili angekiri. Mimi nikakimbia dukani nikanunua maua ya plastiki ya rangi ileile, nikang'oa mabaki, nikachomeka yale kwenye chungu, kisha nikapuliza manukato ya mke wangu mpaka chupa ikaisha.

Mama Ester alifika mchana, akaingia pamoja na wanajumuiya, Gwandu akiwemo, bado ana vumbi la safari. Alipoliona ua akasimama, mkono mdomoni. "Limechanua hivi!" akasema, machozi yakimlengalenga, kisha akanigeukia. "Na mama alivyo mgonjwa, sikutegemea kufurahi leo." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukasali, watu wakapiga chafya katikati ya Baba Yetu, bibi mmoja akauliza kwa sauti kama kuna ng'ombe ametoka josho. Nilidhani nimevuka, mpaka mke wa katekista aliposema, "Mama Ester, mimi leo siondoki bila mbegu ya hilo ua, hata kitawi kimoja nikapande." Nanyi mnajua, huku kwetu mtu hanyimwi mbegu ya ua, sembuse mbele ya jumuiya. Mama Ester akaitikia "haya", na kabla hajamaliza Gwandu kashainuka na mkasi. Na niwaambie ukweli, wakati ule hofu ya kugunduliwa haikuniuma kama ule mkono wake ulivyoelekea dirishani kwangu.

"Kaa chini!" nikasema kwa sauti ya mnadani. "Ua la nyumba hii nalikata mimi!"

Nikaunyakua mkasi, nikakata, haukati. Kumbe maua ya plastiki yana waya ndani (ningejulia wapi?). Nikavuta, likatoka zima na kibandiko cha dukani shinani, chungu kikafuata, kikapasuka, udongo ukamwagikia viatu vya mke wa katekista na ile harufu ikapanda upya. Yule bibi akasema, "Si niliwaambia? Limeogeshwa." Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kushika ukuta. Wawili tu hawakucheka: Gwandu, aliyepiga magoti kuokota vigae, na mke wangu.

Jioni nilimweleza yote, mpaka habari ya kucheka kwake. Akasikiliza, halafu akasema, "Sijakasirika kwa ajili ya ua, ua hupandwa jingine. Lakini siku zote hizo tunakula meza moja, ukaona ni rahisi kuiambia chupa ya dawa kuliko kuniambia mimi."

Kwa hiyo nimeapa: dawa ya ng'ombe itabaki kwa ng'ombe, na wivu ukinipanda nitausema kwa mdomo ungali mbichi, maana aibu ya mbele ya mtu mmoja ni nafuu kuliko ya jumuiya nzima. Gwandu alileta begonia nyingine, na bado anakuja. Akibisha hodi, mke wangu ndiye anayeniita: "Baba Ester, vuta kiti ukae hapa karibu, uone wivu vizuri." Nami navuta, nakaa, na kusema kweli bado nauona.