Anyango na Masanduku ya Kichina

Mercyline Anyango alienda Molo kununua waru, yaani viazi, akarudi na sanduku. Mumewe Okeyo, akiisimulia habari hii, mpaka leo huanzia hapo kwenye waru, kwa sababu anasema ndiyo sehemu inayomhusu.

Anyango ni fundi wa nguo pale mtaa wa Free Area, Nakuru. Hushona sare za shule, na Januari ikifika cherehani yake haipoi. Babu yake alikuja Nakuru kutoka Ugenya kufanya kazi ya reli, na katika nyumba ndogo za reli alimolelewa Anyango, kitu cha zamani hakikuwa na pa kukaa: kikija kipya, cha zamani kinatupwa nje. Kwa hiyo hakuna aliyejua ugonjwa wake wa kupenda vitu vya zamani ulitoka wapi.

Siku hiyo ya Molo, mkulima mmoja aitwaye Muiruri alikuwa amemkaribisha kwenye stoo achague gunia. Pembeni palikuwa na sanduku kubwa limefunguliwa, na ndani yake kuku ameatamia. Anyango aliinama kumtazama kuku. Akaona, ubavuni mwa sanduku, katikati ya vumbi na mavi ya kuku, mguu mwembamba wa ndege unang'aa. Akalowesha kidole kwa mate akasugua. Mguu ukapanda ukawa tumbo, tumbo likatoa bawa, bawa lote la dhahabu juu ya weusi uliong'aa kama maji ya kisima. Anyango akaanza kucheka peke yake mle ndani, hata Muiruri akachungulia kuona kama mama wa watu yuko salama.

Muiruri hakuwa na mengi ya kusema. Babake aliponunua shamba lile alilikuta sanduku katika nyumba ya mzungu aliyekuwa amehama, na tangu hapo limeishi na kuku. Anyango akamwambia pesa za waru ziwe za sanduku. Mzee kwa huruma akamtilia waru kidogo kwenye mfuko wa plastiki asiende kulala njaa. Kuku akahamishiwa kwenye karai pamoja na mayai yake, akilalamika, na sanduku likapanda kanta, lori dogo lililokuwa likishuka Nakuru na kabeji.

Okeyo alikuwa kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, mkabala na nyumba. Alilitazama sanduku likishushwa, akautazama ule mfuko.

"Nyar Ugenya," akasema, akimwita binti wa Ugenya kwa Kijaluo, "waru iko wapi?"

Mkewe alikuwa tayari amepiga magoti na vitambaa vya pamba, akipangusa polepole. Kwanza wakatokea korongo kadhaa wakiruka. Kisha daraja. Chini ya daraja wakatokea watu wadogo kama punje za mchele, wamekaa wanakunywa chai. Kila kilipojitokeza kitu, Anyango aliita watu waje waone, na walipokuja hakuwapa nafasi ya kuona, maana mwenyewe ndiye alikuwa mbele. Binti yao Mitchelle alipiga picha, akatafuta kwenye simu, akawaeleza kuwa hiyo ni kazi ya Wachina, na weusi ule si rangi ya duka bali utomvu wa mti unaopakwa juu ya mbao, ukauke, upakwe tena na tena. Okeyo akauliza huo mti hauzai waru.

Baada ya hapo Anyango hakushikika. Popote alipopeleka sare, aliuliza watu wana nini stoo. Kule Kabazi alilikuta sanduku jingine kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, limebeba vitabu vya nyimbo na ngoma iliyopasuka. Akawashonea wanakwaya majoho mapya, wakampa sanduku na ngoma juu. Lile la korongo alilitilia blanketi. La kanisani akalitilia shuka na nguo za Jumapili, kwa sababu lilikuwa la mbao za mkafuri, na nondo hawaisogelei harufu yake. Nguo zake zikawa zinanukia hata barabarani, na wanawake sokoni wakamuuliza anatumia mafuta gani.

Dada yake Okeyo alipokuja kutembea alitaka kuyafunika masanduku kwa vitambaa vya kufuma, kama watu wanavyofunika viti. Anyango alimpokonya vitambaa kwa upole, akampa chai.

Lakini lililomgeuza Okeyo lilikuwa lile jekundu. Lilitoka kwenye mnada mjini, mali ya familia ya Kihindi iliyokuwa ikifunga duka lao la zamani, na lilikuwa kubwa kiasi cha kulaza watu wazima wawili. Kufuli yake ya shaba ilikuwa ya mviringo, kama uso wa mtu aliyeshangaa. Lilifika mlangoni likakataa kuingia. Wakalijaribu wima, wakalijaribu kwa ubavu. Majirani wakajaa, kila mmoja na ushauri wake. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa mlima Menengai, na Anyango alikuwa amelikumbatia sanduku lake akihesabu matone.

Okeyo alitoa futi mfukoni. Akapima sanduku, akapima mlango, akapima dirisha. Akavuka kwenda karakana akarudi na mashine ya kukatia, na mbele ya watu wote akaikata gridi ya dirisha aliyoichomelea kwa mikono yake mwenyewe, gridi aliyokuwa akiwaonyesha wateja. Cheche zikaruka, watu wakashangilia, sanduku likapitia dirishani kama bibi harusi aliyebebwa. Jioni hiyo Anyango alimkuta mumewe amechuchumaa, anazitia mafuta bawaba za shaba, tone kwa tone, ulimi nje. Akarudi jikoni, akacheka ndani ya aproni.

Lile jekundu likawa meza ya sebuleni. Sheria zikawekwa: sufuria ya moto isikanyage pale bila mkeka, kitambaa kilichoroa kisiguse, pazia lifungwe jua likipiga. Mwishowe Anyango akawapa watu wa kanisa makochi yake, akashona mito minene akaiweka juu ya masanduku, na wageni wakakalishwa hapo.

Hivyo ndivyo wakwe walivyokuta nyumba. Mitchelle alikuwa amepata mchumba, Kibii, kijana mtulivu wa upande wa Kuresoi, na watu wake walikuja kujitambulisha. Msemaji wao alikuwa mjomba Kemboi, mtu wa koti na kofia. Pamoja naye alikuja mama yake, nyanyake Kibii, waliyemwita Kogo Chelangat, yaani Nyanya Chelangat, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza. Kemboi aliingia akatafuta kiti. Hakikuwapo. Akakaa kwenye sanduku la kanisani kwa uangalifu kana kwamba lingemtupa. Kogo alikataa kukaa. Alisimama mbele ya lile la korongo akauliza ndege hawa ni wa nani, kisha akaomba lifunguliwe, akaingiza kichwa chote ndani katikati ya blanketi.

Akakaa humo. Kemboi alikuwa amekwisha kuanza hotuba, amefika kwenye mafahali na mitamba, na bado kichwa cha mama yake kiko sandukuni. Alipokitoa, kitambaa cha kichwani kilikuwa kimeenda upande na uso wake umekunjuka kama wa msichana.

"Ng'ombe tutaleta," akamkatiza mwanawe. "Hiyo hatubishanii. Lakini msichana akija, huyu ndege aje na yeye."

Kemboi akaangalia kofia yake. Okeyo akakohoa. Anyango aliinuka akaenda jikoni, na Mitchelle akamfuata mbio, akamkuta ameegemea sinki, mabega yanatikisika.

"Mum, usilie. Nitaongea na wao."

Anyango alikuwa anacheka mpaka machozi. Ni kweli kwamba alikuwa ameumia, maana hilo ndilo la kwanza, na alimjua kila mtu mdogo aliyekuwa chini ya daraja lile. Lakini tangu siku ya kuku alikuwa akiambiwa anajaza nyumba takataka. Watu walimvumilia, wengine walimpenda tu hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutumbukiza kichwa.

Akajipangusa uso, akarudi sebuleni, akamshika Kogo mikono yote miwili.

"Mchukue, mama. Lakini usimfunike na kitambaa."

Kogo akasema afunikwe kwa nini, na yeye ameona mwenyewe anavyoruka. Wakaangua kicheko, hata Kemboi, na hotuba haikurudi tena kwenye njia yake. Siku ya arusi sanduku lilifungwa nyuma ya pikapu kwa magodoro pande zote, na Kogo akakaa mbele, akimwambia dereva kila tuta apunguze.

Nyumbani pakabaki pengo ukutani. Anyango alilizunguka siku kadhaa, akiweka stuli, akiitoa. Ndipo Okeyo, akinywa chai, akitazama pembeni, akasema kuna mteja wake wa Gilgil, mama mjane, ana kitu anachowekea vitunguu. Kijani. Kina miguu. Yeye, Okeyo, alikuwa amepita huko tu kwa bahati, akakipima. Kingepita mlangoni.

"Ulipita Gilgil kwa bahati," Anyango akasema.

"Kanta nimeshaongea nayo."

Jumamosi wakaenda. Upande mmoja wa sanduku ulikuwa umeliwa na mchwa na mguu mmoja haukuwapo, lakini kwenye kifuniko, Okeyo alipopuliza vumbi, palikuwa na samaki wa dhahabu wamefuatana duara. Akapitisha kiganja juu yao, akamwambia mkewe huyu ataponywa tu. Wakalibeba wawili hao kushuka kijia mpaka barabarani, yeye mbele na mkewe nyuma, na ilibidi walitue njiani mara kwa mara, kwa sababu Anyango alikuwa anacheka na mikono ilikuwa haina nguvu.